Mji wa Mstari wa Kumi na Saba

Kuna wimbo ambao katika nchi yetu mtoto huujua kabla hajalijua vizuri jina la baba yake. Una mistari kumi na sita, na kila mstari ni mji mmoja: jina la mji, kisha sifa yake. Upo mji wa chumvi nyeupe, upo mji wa wafumaji hodari, upo mji wa vyungu visivyovuja, na kuendelea hivyo mpaka santuri inapokwisha. Redio ya taifa iliupiga mara mbili kila siku, kabla ya taarifa ya habari ya asubuhi na ya jioni, miaka arobaini mfululizo, na taratibu watu wakaacha kuulizana kabila na ukoo. Wakawa wanaulizana mstari.

"Ndugu yangu, wewe wa mstari wa ngapi?"

"Wa nne. Chumvi."

"Aaa! Basi sisi mashemeji. Mke wangu naye wa nne."

Na hapo watu wawili waliokuwa wanasukumana kwenye foleni ya hospitali wanaanza kupishana kwa adabu, tangulia wewe, hapana tangulia wewe, mpaka wa tatu anawapita wote. Watu wa mstari wa sita, wale wa vyungu visivyovuja, ndio walioaminiwa kutunza siri za serikali. Watu wa mstari wa kumi na moja, mji wa wakimbiaji, hata bibi zao hawatembei taratibu. Wimbo ulisema, basi ndivyo.

Mji wetu haumo.

Ni mji mzima kabisa. Una stesheni, una karakana ya reli, una hospitali, shule tatu na kinyozi anayejiita daktari wa nywele. Kwenye ramani upo. Lakini ramani ni ya kutundika ukutani, wimbo uko mdomoni, na nchi yetu ni ya midomo. Posta kuu walivipanga visanduku vya barua kwa kufuata mistari ya wimbo, ili makarani wapange barua huku wakiimba. Barua zetu wakawa wanazitupa kwenye kisanduku cha mwisho kabisa, kilichoandikwa "Kwingineko". Jina likatushika. Timu yetu ikienda ugenini, uwanja mzima unapiga kelele, "Kwingineko hao!" Mwenzetu mmoja alipoteza pasipoti ughaibuni, akaenda ubalozini, karani wa dirishani akamwambia, "Imba mstari wako nikuamini." Akasimama pale saa nzima, mdomo umefungwa. Mwisho wakampa hati ya mtu asiyejulikana. Nasikia mpaka leo yuko huko, ameoa, na wanawe shuleni wanaitwa watoto wa Bwana Asiyejulikana.

Aliyeumia kuliko sisi wote ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu. Alikuwa gadi wa treni kwa miaka thelathini na mitatu na mji mzima unamwita Gadi mpaka leo, ingawa ameshastaafu. Ni mtu wa saa. Treni yake haikuondoka dakika moja kabla wala dakika moja baada, hata siku ile waziri alipokuwa anaikimbilia na begi mkononi, kofia imemwanguka. Uongo hausemi. Wengine tunajizuia kusema uongo, au tunajaribu. Yeye nadhani alizaliwa bila kile kiungo kinachotumika.

Mwaka ule ule wimbo ulipotoka, Gadi alianza kuiandikia redio barua. Moja kila mwisho wa mwezi, nakala kwenye faili la kijani. "Yah: Kuachwa kwa mji wetu katika wimbo." Alijibiwa mara nne, na mara zote nne kwa maneno yale yale: suala lako linashughulikiwa.

Sasa kuna jambo moja ambalo sikuwahi kulisema. Mimi nilikuwa fundi mitambo wa redio hiyo hiyo. Na aliyeukata mji huu kwenye wimbo ni mimi.

Si kwa ubaya. Santuri ya wakati ule upande mmoja ulibeba dakika tatu, na waimbaji walipomaliza tulikuta wamezidisha sekunde kumi. Ikabidi mstari mmoja utoke. Nikachukua nakala ya utepe, nikachukua wembe, nikatoa mstari wa mwisho, nikagandisha mwisho wake vizuri, nikaenda kunywa chai. Mji wenyewe sikuwahi kufika. Kwangu ulikuwa urefu wa utepe unaotosha kufungia kiatu.

Miaka mitatu baadaye wakanileta huku kufunga mtambo wa kurushia matangazo, nikateleza kwenye ngazi, nikapelekwa hospitali, na aliyenifunga mkono alikuwa mkunga, kwa sababu daktari alikuwa hayupo. Alinifunga huku ananicheka. Mwezi haukuisha nikapeleka posa. Gadi akakaa mbele yangu, sare imepigwa pasi, saa mkononi.

"Kabla ya mengine yote," akasema. "Wewe ni mtu wa redio. Wimbo ule uliporekodiwa, ulikuwa wapi?"

Nikamtazama dada yake. Nikasema, "Likizo."

Neno moja tu, lakini neno hilo nimelilisha kwa miaka thelathini na saba. Mwanzo ilikuwa likizo tu. Kisha ikawa likizo ya kumuuguza mjomba. Mjomba akavunjika mguu. Mguu ukavunjwa na punda. Punda akapata jina, rangi na tabia, na wanangu wamekua wakimjua punda huyo kuliko wanavyowajua majirani. Mara nyingine tuko mezani, mke wangu ananitupia swali ghafla.

"Baba watoto, yule punda alimvunja mjomba mguu wa kulia au wa kushoto?"

"Wa kushoto."

"Mwaka juzi ulikuwa wa kulia."

"Alimrudia."

Mambo yalikaa hivyo mpaka asubuhi moja Gadi alipoingia kwetu bila hodi, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Mkononi ana barua ya redio.

"Dada! Shemeji! Njooni hapa, kaeni."

Akaisoma amesimama. Wimbo unarekodiwa upya. Safari hii kila mji utaimba mstari wake wenyewe, kwaya yake yenyewe. Na katika stoo ya redio umepatikana utepe wa kwanza kabisa, kabla haujakatwa, wenye mistari kumi na saba. Mtayarishaji angefika kwetu Alhamisi.

Akaisoma tena. Kisha akakaa.

"Tumo," akasema. "Tulikuwamo tangu mwanzo. Kuna mtu alitutoa." Akanigeukia. "Hebu niambie wewe uliyewajua wale watu. Mtu gani anaweza kufanya kitu kama kile?"

"Mtu mbaya sana," nikasema.

"Au mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda likizo," akasema mke wangu, huku anafunika sufuria.

Alhamisi mji mzima ulikuwa karakana. Walikuwa wamesogeza vichwa viwili vya treni nje, wamefagia, wamemwaga maji sakafuni kuzuia vumbi. Kwaya ilikuwa watu arobaini, mafundi, manesi na walimu, na kiongozi wao alikuwa kinyozi, daktari wetu wa nywele, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amewanyoa wanaume wote kwa mtindo mmoja ili sauti zifanane. Gadi, ambaye mji ulimchagua mwenyekiti wa kamati ya wimbo, alikuwa mstari wa mbele, na sare yake ya kazi, vifungo vinang'aa.

Mtayarishaji alikuwa binti mwembamba mwenye miwani, mpole, mwenye haraka. Akaweka mtambo juu ya meza ya fundi seremala, akasema, "Wazee wangu, kwanza msikie mstari wenu ulivyokuwa. Kisha mtajifunza, tutarekodi. Treni yangu ni saa kumi na mbili jioni."

"Saa kumi na mbili na dakika nne," Gadi akamsahihisha.

Utepe ukazunguka. Ukatoka mkwaruzo, kisha sauti za zamani, nzuri kama zilivyokuwa. Likatajwa jina la mji wetu, wazi kabisa, kwa sauti nne. Mama mmoja nyuma yangu akasema "Uwii!" akajifunika mdomo. Kisha ikafuata sifa:

"Wewe wa mwisho, mji wa machungwa, matamu kupita asali."

Utepe ukanyamaza.

Ni lazima mjue kwamba mji wetu haujawahi kuwa na mchungwa hata mmoja. Ardhi yote ni kokoto za reli na majivu ya makaa ya miaka themanini. Machungwa tuliyokula yalikuja kwa treni, na aliyeyaleta, tena kwa saa yake, ni Gadi.

"Machungwa?" akauliza kinyozi.

"Wametuchanganya na watu wengine," akasema mtu.

"Binti," kinyozi akaendelea, "hapo pa machungwa hatuwezi kuweka neno jingine? Mataruma, kwa mfano. Nati. Sisi kwa nati hatuna mpinzani."

Mtayarishaji akatikisa kichwa. "Mtunzi ni marehemu. Familia yake imekubali turekodi kwa sharti moja tu, lisibadilishwe hata neno. Mkiimba, mnaimba hivyo. Msipoimba, nimeambiwa wimbo ubaki na mistari kumi na sita kama watu walivyouzoea."

Hapo kelele zikaanza. Wengi walikuwa upande wa kuimba. "Tuimbe! Nani atakuja kuhesabu miti?"

"Mimi," akasema Gadi.

Kelele zikakatika. Alikuwa amevua kofia.

"Nimedai haki miaka arobaini," akasema. "Siwezi kuipokea kwa uongo. Wale wa chumvi wana chumvi. Wale wa vyungu wana vyungu. Sisi tuingie kama abiria asiye na tiketi, tujifiche chooni kila akipita mkaguzi? Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya wimbo, na mimi nasema hapana."

Akatoka, faili la kijani kwapani, akaelekea stesheni.

Watu wote wakanigeukia, maana shemeji ndiye hutumwa mahali ambapo mwingine angepigwa.

"Nenda kaongee naye," akasema mke wangu. Kisha akanishika mkono wa shati. "Na usimpelekee punda."

Nilimkuta kwenye benchi la jukwaani, faili limefunguliwa mapajani. Nikakaa. Hakunitazama.

"Barua mia nne na themanini, shemeji," akasema. "Nimeandika barua mia nne na themanini kudai machungwa ambayo si yangu."

Nimesema uongo mwingi maishani na mwingi wake ninajivunia, lakini siku hiyo, pembeni ya mtu yule na lile faili lake, nilijisikia mdogo kuliko herufi. Alikuwa ameutaka mji wake usikike. Si kingine. Na sasa umesikika, na ukweli wake mwenyewe unamziba masikio. Nikaona njia ni moja tu ya kumtoa pale, na njia hiyo inapita juu ya shingo yangu.

"Shemeji," nikasema, "wale wa chumvi hawakuwa na chumvi."

"Umeanza."

"Hawakuwa nayo. Wala wafumaji hawakuwa wafumaji. Mtunzi alikuwa mtu wa mji mkuu, hakuwahi kwenda mbali kuliko mwisho wa lami. Walimpa orodha ya miji kumi na saba saa mbili asubuhi, wakamwambia wimbo uwe tayari saa tisa. Basi akawa anatazama tu mle chumbani. Mezani palikuwa na yai la kuchemsha na chumvi kwenye karatasi, akaandika mji wa chumvi. Karani alikuwa na sweta limetoboka kiwiko, akaandika mji wa wafumaji. Kwenye kona palikuwa na chungu cha maji ya kunywa. Tarishi akaingia mbio amechelewa, ikawa mji wa wakimbiaji. Nchi nzima ilitoka mle chumbani, shemeji, na chumba chenyewe ni kidogo kuliko bafu lako."

"Umeyajuaje yote haya?"

"Nilikuwepo."

"Ulikuwa likizo."

"Sikuwa likizo."

Akafunga faili taratibu. "Na mjomba wako?"

"Sina mjomba. Mama yangu alizaliwa peke yake."

Aliponiuliza tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Na punda?"

"Punda pia hayupo, shemeji."

Naapa, punda ndiye aliyemuuma zaidi. Alitazama reli muda mrefu. Kisha akacheka kwa dharau, akatikisa kichwa. "Hapana. Huu ni uongo wako mwingine, na ndio mkubwa kuliko wote. Wiki iliyopita ulituambia ulirekodi ngurumo ya radi na ikaua inzi ndani ya spika. Unataka kuniliwaza, nakushukuru, lakini niache."

Ndiyo adhabu ya mtu wa aina yangu. Siku nimebeba ukweli mkononi, mzito, wa kuniumiza mwenyewe, hakuna anayetaka kuupokea.

"Basi njoo tusikilize," nikasema. "Kila mstari ulirekodiwa mara tu ulipoandikwa, na mtambo haukuzimwa siku ile. Yako maongezi kabla ya mstari, na yako mengine baada yake. Kama sauti yangu haimo, nitavaa sweta lenye tundu mpaka nife."

Akatazama saa yake. Akanyanyuka.

Tuliporudi karakana mtayarishaji alikuwa anakunja nyaya. Nikamwomba arudishe utepe nyuma kidogo.

"Kuna maongezi tu pale, mzee. Huwa tunayaruka."

"Leo usiyaruke, mwanangu."

Ukazunguka. Mkwaruzo, kiti kuburutwa, mtu kukohoa. Kisha sauti ya mtu mzima aliyechoka: "Huu wa mwisho una nini? Nani anaujua?"

Kimya.

"Wewe fundi. Huko wana nini?"

"Sijui, mzee. Sijawahi kufika."

"Unakula nini hapo?"

"Chungwa, mzee."

"Tamu?"

"Kama asali."

Halafu kicheko, kifupi, cha puani.

Mke wangu alikuwa amesimama karibu na meza. Akainua kidole pole pole, akakielekeza kwenye mtambo, kisha akakielekeza kwangu.

"Hicho kicheko," akasema, "nimelala nacho miaka thelathini na saba."

Ningeomba utepe uishie hapo, lakini mtayarishaji alikuwa amepata utamu, akauacha. Mstari wetu ukaimbwa tena, machungwa na asali yake, na mara baada yake ikaja sauti ya mkuu wangu wa wakati ule: "Imezidi sekunde kumi. Kata mstari mmoja."

"Nikate upi?"

"Wowote."

"Basi wa mwisho. Ndio rahisi."

Watu mia mbili walinigeukia kwa pamoja. Hata vile vichwa vya treni pale nje niliviona kama vimegeuka.

"Daktari wa nywele," mtu akaita kutoka nyuma, "leta wembe. Tumkate sekunde kumi."

"Nitamnyoa nusu," akasema kinyozi. "Nusu nyingine aisubiri miaka arobaini."

Mke wangu hakuwa ameniondolea macho. "Hebu ngoja nielewe, baba watoto. Ulitukata huku unakula?"

"Nilikuwa nimemaliza kula."

"Alikuwa amemaliza!" akawatangazia watu, mikono kiunoni. "Jamani, msimwonee. Mwenzenu alikuwa amenawa!"

Kicheko kilichotoka kilirusha njiwa wote waliokuwa juu ya paa la mabati. Nilicheka na mimi, kwa hofu. Gadi peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama anatazama utepe, na mtu angedhani ananipangia adhabu, lakini aliponiita sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza njia.

"Shemeji. Ikiwa chumvi haikuwepo, ile wanayouza leo ilitoka wapi?"

"Wimbo ulipotoka," nikasema, "watu wakaanza kwenda pale kuitaka. Wakaona haya kusema hawana. Wakachimba hapa, wakachimba pale, wakatafuta bonde lenye maji machungu, wakakausha, mpaka wakapata. Wafumaji walileta mwalimu kutoka nchi ya jirani, akafundisha mji mzima kwa siri, milango imefungwa. Wale wa vyungu, vya kwanza vyote vilivuja. Waliona haya, basi. Walitajwa, wakaona haya, wakajifunza."

Gadi akavaa kofia yake. Alitembea mpaka kwenye meza, akarudi. Sote tukawa tunamsubiri kama abiria.

"Ratiba," akasema.

"Ratiba gani, kaka?" mke wangu akauliza.

"Ratiba ya treni huandikwa lini? Kabla treni haijatembea. Imeandikwa itafika saa kumi na mbili na dakika nne, na wakati huo bado iko mbali, hata makaa haijapakia. Mimi nimeibandika ratiba ukutani miaka thelathini na mitatu na hakuna aliyeniita mwongo." Akageuka, akautazama umati wote. "Inakuwa uongo treni isipofika."

Kinyozi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa. "Kwa hiyo tunaimba?"

"Tunaimba. Lakini kwanza mti mmoja uingie ardhini. Siwezi kupuliza filimbi na hakuna hata behewa moja relini." Akaninyooshea kidole. "Na anayechimba shimo ni huyu."

Ilikuwa saa saba mchana. Fundi mmoja akapanda baiskeli kwenda kitalu cha shule ya kilimo, mwendo wa saa moja na nusu kwenda tu. Mimi nikapewa sururu. Pale mbele ya stesheni, mahali Gadi alipopachagua, kokoto zimeshikamana kama zimelipwa kushikamana. Nilikuwa na umri wa miaka sitini na sita na tangu nistaafu kitu kizito nilichoinua ni kijiko. Mji mzima ulikaa kivulini kunitazama. Kila nikipumzika mtu anaimba kwa sauti ya chini, "Ndio rahisi, ndio rahisi," na wengine wanaitikia. Mke wangu aliniletea maji mara mbili. Mara ya tatu alichukua sepetu, akatoa udongo niliokuwa nimeuchimbua.

"Ulikuwa unajua?" nikamuuliza mwishowe.

"Nilijua hakuna punda," akasema. "Hili la wembe sikulijua." Akatupa sepetu ya udongo pembeni. "Chimba."

Mche ulifika saa kumi na nusu. Ulikuwa na majani matano, na moja lilidondoka ukishushwa kwenye baiskeli. Gadi aliushika mwenyewe, akauingiza shimoni, akafukia kwa mikono, sare yake yote vumbi mpaka magotini. Akasimama. Akatazama saa.

"Haya," akasema. "Imbeni."

Mtayarishaji alikuwa ameburuta nyaya zake mpaka mbele ya stesheni. Kwaya ikajipanga pale pale, nyuma ya ule mti wa majani manne, na kinyozi akainua mikono. Mstari mmoja hauchukui hata nusu dakika. Jina la mji wetu likatoka kwa sauti arobaini, likapiga ukuta wa stesheni, likarudi. Wanaume wakubwa niliowaona wakibishana na vyuma vya tani kumi walikuwa wanalia kama wamekatiwa vitunguu. Wakafika kwenye machungwa, na hakuna aliyesita. Waliyaimba matamu.

Mtayarishaji akavua visikilizio masikioni. "Safi sana," akasema. "Ila yule mzee wa mbele, mwenye kofia, naona mdomo wake haukufunguka. Turudie?"

"Usirudie," akasema mke wangu. "Yule anasikiliza."

Treni iliondoka saa kumi na mbili na dakika nne.

Tangu wimbo mpya uanze kupigwa, mambo yamekuwa kama Gadi alivyoyapigia hesabu. Posta wametupa kisanduku chetu. Abiria wakifika stesheni yetu wanatoa vichwa madirishani, "Kumi na saba! Machungwa yako wapi?" na sisi tunajibu kwamba msimu bado. Wakati tunajibu hivyo tulikuwa tunapanda. Tulitoboa kokoto mji mzima, tukaleta udongo kwa mabehewa, kila nyumba ikapewa miche mitatu, na kwenye kila shimo, kwa uamuzi wa kamati uliopitishwa bila mjadala, nilitakiwa niwepo na sururu yangu. Mwalimu wa kilimo alituambia kwa ardhi hii tusitegemee kitu. Tulimsindikiza mpaka kwenye treni.

Mwaka wa tano mti wa stesheni ulizaa chungwa moja. Gadi alilichunga wiki sita, na siku lilipogeuka rangi aliitisha watu wote, akalichuma, akalimenya, akaligawa vipande kumi. Cha kwanza akakiweka mdomoni mwenyewe.

Nilimwona. Jicho la kushoto lilifumba lenyewe, shingo ikaingia mabegani, machozi yakamtoka. Mtu ambaye hajasema uongo tangu azaliwe alitafuna mpaka mwisho, akameza na mbegu, akatutazama mmoja mmoja.

"Linakaribia," akasema.

Vipande vikazunguka. Kinyozi alikunja uso, akasema linakaribia. Mwalimu mkuu akasema linakaribia sana. Mama mmoja akasema kwa kweli limeshafika, kisha akaomba maji. Kipande cha mwisho kilimfikia mke wangu. Akakinusa, akakitazama, kisha akanishika kidevu kama alivyokuwa anawashika watoto wanaokataa dawa.

"Fungua mdomo, fundi," akasema. "Ni tamu kama asali. Si ulisema mwenyewe?"